Tulikuwa Upande Gani wa Ukuta?

Baba yangu alifikisha miaka 81 bila kuiona bahari, ila ameisimulia maisha yake yote. Nyumbani Kinoru, jioni, baridi ya mlima inapoanza kuteremka, alikuwa akituketisha jikoni sisi watoto na kutuambia kwamba hapa si kwetu. Kwetu ni Mbwaa. Mbwaa iko wapi, Baba? Mashariki, kwenye maji ambayo ng'ambo yake haionekani.

Hadithi yenyewe, kama anavyoisimulia yeye, ni hii. Huko Mbwaa, Wameru walikuwa watu wachache walioishi kando ya maji. Kisha wakaja watu waliovaa mavazi mekundu, wakaitwa Nguo Ntune. Kwa Kimeru ntune ni nyekundu, na nguo ni nguo tu, kama kwa Kiswahili. Nguo Ntune wakawatawala, wakawafanyisha kazi, na walipotaka kuwamaliza wakaanza kuwapa mitihani isiyowezekana. Leteni kiatu chenye manyoya pande zote mbili. Mzee mmoja, Koomenjoe, akawaonyesha wakate ile ngozi inayoning'inia shingoni mwa fahali. Leteni ndama anayekunya mavi meupe. Wakamlisha ndama maziwa matupu. Leteni mbwa mwenye pembe. Wakambandika mbwa pembe za paa kwa ulimbo. Toeni tunda shimoni bila kulishika wala kulichokoa kwa kijiti. Wakamimina maji mpaka tunda likaelea lenyewe. Mtihani wa mwisho ulikuwa mkuki unaofika mbinguni. Hapo Koomenjoe akaomba muda wa kuufua, na muda huo ndio walioutumia kutoroka.

Usiku wakafika kwenye maji. Koomenjoe akayapiga kwa fimbo, maji yakapasuka. Waliovuka gizani wakaitwa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri wakaitwa Ntune, wekundu. Waliovuka jua limeshachomoza wakaitwa Njeru, weupe. "Sisi ni Njiru," Baba alimalizia kila mara, akigonga goti lake. "Sisi hatukungoja mwanga."

Nilikua, nikasomea ualimu, nikawa mwalimu wa historia. Mada ya jamii za Kenya ilipofika, kwamba Wameru husema walitoka pwani, kama vile Wamijikenda wanavyosema walitoka Singwaya, nilikuwa napita mbio. Sababu yangu niliiona ya kisomi. Watu wameteswa ugenini, kiongozi ana fimbo, maji yanapasuka, wanavuka, adui anabaki nyuma. Si ni Musa huyo? Wamisionari walishafika Meru kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wamethodisti walikuwa Kaaga, mwendo mfupi tu kutoka kwetu Kinoru, na mapadre wa Consolata walikuwa na misheni zao. Watu waliokuja kuulizwa hadithi hii na watafiti walikuwa wamekwisha kuisikia ile nyingine ya kitabu cha Kutoka, Jumapili baada ya Jumapili.

Sikuwa peke yangu katika shaka hiyo, ingawa wapo wasomi walioichukulia hadithi kwa uzito. Bernardo Bernardi, padre wa Consolata aliyekuwa pia mwanaanthropolojia, aliiandika katika kitabu chake cha mwaka 1959 juu ya Mugwe, kiongozi wa dini wa Wameru. Jeffrey Fadiman, Mmarekani, aliketi na wazee wa Meru mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuendelea, akasikiliza, akalinganisha, kisha akatamka jambo ambalo wengi walikuwa hawajathubutu kulisema: kwamba Mbwaa ni mahali pa kweli, na kwamba mahali hapo ni kisiwa cha Manda, mkabala na Lamu. Kuondoka kwenyewe alikuweka kama miaka mia tatu iliyopita. Wengine walimpinga, na wanaendelea kumpinga.

Mimi nilimpinga pia, tena hadharani. Kwenye arusi ya kaka yangu Baba alianza kusimulia, nami nikasema, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba hiyo ni Biblia iliyovalishwa shuka la Kimeru. Baba hakunijibu. Mama ndiye aliyejibu, bila kuinua kichwa kutoka kwenye sufuria: "Kama ni ya Biblia, mbona Musa hakuwa na mbwa mwenye pembe?" Watu walicheka mpaka nikacheka nami. Lakini Baba hakusimulia tena siku ile, na kwa miaka mingi baadaye hakusimulia nikiwepo.

Mama hayupo tena. Februari mwaka jana nilimwomba Baba anisimulie ili nimrekodi kwa simu. Alianza vizuri. Kiatu, ndama, kisha akanyamaza. Alinitazama kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Mwanangu wa miaka 8, aliyekuwa sakafuni akichora, ndiye aliyesema, "Mbwa, Babu. Sasa ni mbwa." Baba akaendelea. Usiku ule nilimwambia mume wangu kwamba likizo ya Agosti tunakwenda Lamu, sote, na Baba.

*

Kutoka Meru hadi Lamu kwa barabara si safari ya mzee. Tulishuka Nairobi kupitia Embu, tukalala, tukapanda basi la Mombasa, tukalala tena, kisha Malindi, Witu na Mokowe, mahali ambapo barabara inaisha na boti zinaanza. Mombasa tuliingia usiku Baba akiwa amesinzia, kwa hiyo bahari aliiona mara ya kwanza pale gatini Mokowe, mchana, akiwa ameshika mkono wa binti yangu. Aliitazama sana. Mbele yetu kulikuwa na maji ya kijani, na upande wa pili mstari mrefu wa mikoko.

"Ng'ambo inaonekana," alisema.

Nilimweleza kwamba vile ni visiwa, bahari yenyewe iko nyuma yake. Akauliza Manda ni ipi. Nikamwonyesha kule ndege zinakotua. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba yao ya zamani sasa ni kituo cha petroli.

Takwa ni magofu ya mji wenye ukuta, upande wa kusini wa kisiwa hicho cha Manda. Si mji mkongwe kuliko yote kisiwani. Upande mwingine wa kisiwa kuna magofu ya mji ulioitwa Manda kama kisiwa chenyewe, ambao Neville Chittick aliuchimba na kuonyesha kwamba ulikuwa ukifanya biashara tangu karne ya 9. Takwa ni ya baadaye. Ilistawi karne ya 16 na ya 17, na ndiyo sababu niliichagua. Kama kuna ukweli wowote katika hesabu ya Fadiman, basi Takwa ulikuwa mji hai, au umetoka tu kufa, wakati watu wa Mbwaa wanaondoka. Kama babu zetu walikuwa Manda, hawangeweza kutoujua ukuta ule.

Kwenda Takwa kunategemea maji. Mkono mwembamba wa bahari unaingia kisiwani katikati ya mikoko mpaka karibu kabisa na magofu, na boti hufika tu maji yakiwa yamejaa. Mwelekezi wetu, kijana wa Shela aliyesema amezaliwa huko na baba yake na babu yake pia, alitupigia simu alfajiri. "Ndooni mapema," alisema. "Mai haya hayangoji mtu." Mai ni maji kwa Kiamu. Watoto walishinda siku nzima wakilisema neno hilo.

Tulifika kama saa nne asubuhi. Ukuta ndio unaouona kwanza: mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa, umeporomoka hapa, umesimama pale, ukizunguka eneo la kama hekta 5. Ndani kuna mibuyu mikubwa na nyasi fupi, na kati ya mibuyu kuna mabaki ya nyumba za mawe, kama 100 hivi, zote zimeelekea kaskazini, upande wa kibla. Kwa Baba hili lilikuwa jambo la kushangaza. Alitembea na fimbo yake kutoka mlango hadi mlango akihakikisha. "Mji mzima umetazama upande mmoja," alisema. "Hawa watu walikuwa na mkutano kila siku."

Mwishoni mwa njia kuu upo msikiti wa Ijumaa. Paa limekwenda, lakini mihirabu ipo, na juu ya ukuta wa kibla imesimama nguzo ya mawe. Kuna birika la kutawadhia, kuna kisima. Katika nyumba utaona mahali pa kuogea, choo, na vidaka ukutani vya kuwekea vyombo. Mwanangu alilala chini kwenye chumba kimoja, akanyoosha mikono na miguu kukipima. Chumba kilikuwa chembamba kama korido ya nyumba yetu. Mwelekezi akamweleza kwamba upana wa chumba ulitegemea urefu wa boriti ya mkoko, na mkoko hauzidi hapo. Akaruka kutoka ukuta hadi ukuta: hatua tatu.

James Kirkman aliyachimba magofu haya mwaka 1951. Siku zile wasomi wengi wa Kizungu waliamini miji kama hii ilijengwa na wageni kutoka Arabuni na Uajemi, na sisi tuliosoma baadaye tukarithi imani hiyo bila kuitilia shaka. Hata Baba, ambaye hakusoma kitabu cha Kirkman, aliwaita waliojenga Takwa Waarabu. Leo hakuna mwanaakiolojia makini anayesema hivyo. Wageni walikuja, wakafanya biashara, wakaoa, lakini miji ilikuwa ya Waswahili, iliyokua kutokana na vijiji vya wavuvi na wakulima wa pwani hii hii. Chapurukha Kusimba, Mkenya, ni mmoja wa waliolisisitiza jambo hilo kwa miaka mingi. Timu aliyoiongoza ndiyo iliyotangaza mwaka 2013 kwamba imepata hapa Manda sarafu ya Kichina yenye tundu la mraba katikati, ya enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala China kuanzia 1402 hadi 1424.

Niliwaeleza watoto habari ya sarafu. Binti yangu, ambaye ana miaka 14 na haachi jambo lipite, aliuliza, "Kwa hiyo kisarafu kimoja kinatosha kuthibitisha kwamba China ilifika hapa?"

Nikasema kinathibitisha kwamba sarafu ilifika, na kwamba kulikuwa na njia ya kuifikisha.

"Na Babu ana hadithi nzima, na haithibitishi kitu?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia jiwe na sarafu havibadiliki kila vikisimuliwa. Hilo ni kweli, na ndilo nililofundisha siku zote. Lakini pale katikati ya nyumba 100 za mawe liliniingia jambo ambalo darasani halikuniingia. Historia yetu ya pwani ni historia ya waliokuwa na uwezo wa kuchoma chokaa. Aliyejenga kwa fito na udongo ameoza pamoja na nyumba yake. Huko Gedi, karibu na Malindi, mji ambao Unesco iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, kulikuwa na kuta mbili. Ukuta wa ndani ulizunguka msikiti mkuu, jumba la mtawala na nyumba za mawe. Kati ya ukuta wa ndani na wa nje waliishi watu wa nyumba za udongo na makuti. Mgeni anayetembea Gedi leo anatembezwa jumba la mtawala. Zile za udongo hazionekani, hivyo watu wake nao hawaonekani.

Mwanangu alikuwa amepanda juu ya sehemu ya ukuta iliyoporomoka, mguu mmoja ndani na mwingine nje. "Mama, sisi tulikuwa upande gani?"

*

Baba alilisikia swali hilo. Alikuwa ameketi kivulini chini ya mbuyu, mwelekezi akiwa amechuchumaa mbele yake akimchagulia kipande cha muwa tuliokuja nao. Nikamwona Baba anajiweka sawa, anaweka fimbo kati ya magoti. Nilijua kinachokuja.

Akasimulia yote. Kwa Kiswahili chake cha bara, kizito, akitafuta maneno, akamsimulia kijana wa Shela habari ya Nguo Ntune. Alipofika kwenye nguo, kijana akaitikia, "Nguo nimeielewa." Kiatu, ndama, mbwa. Hakusahau hata mmoja. Alipomaliza mkuki alimnyooshea kijana kidole, bila hasira, kama anayemwonyesha mtu njia, akasema: "Sasa hawa Nguo Ntune walikaa ndani ya huu ukuta. Nyinyi ndio mlitutesa."

Nilitamani ardhi inimeze. Kijana huyu alikuwa amembeba Baba mgongoni kutoka kwenye boti. Mume wangu akaanza kukohoa. Nikafungua kinywa kueleza kwamba wasomi hawakubaliani Nguo Ntune walikuwa nani. Wapo wanaosema ni Waarabu, wapo wanaosema ni Wareno, ambao kweli waliisumbua pwani hii: maandishi waliyoyachonga Fort Jesus mwaka 1639 yanajisifu kwamba walizibomoa kuta za Pate na Siyu na kumtoza kodi mfalme wa Manda. Kwa hiyo hata waliokuwa ndani ya ukuta walikuwa na bwana juu yao. Nilikuwa na hotuba kamili.

Kijana hakuingoja. Alicheka, kisha akasema kwa adabu, "Mzee wangu, pole sana. Lakini mbona na sisi tulitoka?"

Naye akasimulia. Watu wa Shela huambiwa na wazee wao kwamba asili yao ni hapa Takwa. Waliishi hapa, maji ya kisima yakaanza kuwa ya chumvi, na ugomvi na Pate haukuisha. Wakaona hawawezi. Wakachukua walichoweza kuchukua, wakavuka maji kwenda Shela, upande wa Lamu, ambako machuguu ya mchanga huhifadhi maji matamu hadi leo. Mji ukabaki na mibuyu. "Ukuta tuliuacha," alisema. "Ukuta haubebeki."

Baba alikaa kimya, akitafuna muwa. Hatimaye akauliza, "Mlivuka usiku?"

"Hilo hatukuambiwa, mzee."

"Uliza," Baba akasema. "Ni jambo la maana."

Kuanzia hapo wakawa watani. Kijana akimwita Baba mkimbizi, Baba akimwita kijana mkimbizi mwenzangu aliyechelewa.

Alitupeleka kuona kitu kimoja zaidi. Nje ya ukuta lipo kaburi lenye nguzo ndefu ya mawe, na juu yake maandishi ya Kiarabu yenye mwaka 1094 wa Hijria, yaani 1682 au 1683. Ni katika miaka ya mwisho ya mji. Mara mbili kwa mwaka, alisema kijana, watu wa Shela huvuka na kuja hapa kuomba mvua. Hawaendi msikitini wala kwenye nyumba za mawe kule ndani. Wanakuja hapa, nje.

Nilisimama nikilitazama kaburi lile, nikawaonea wivu. Miaka mia tatu na zaidi imepita, na watu wa Shela bado wanajua waende wapi mvua ikikosa. Sisi tuliobaki na maneno hatujawahi kurudi. Na kama Fadiman alikosea, hatuna hata pa kurudi.

*

Tulikaa mno. Kosa lilikuwa letu. Kijana alituhimiza mara mbili, nami nikasema dakika 10 tu, Baba apumzike. Tuliporudi kwenye mikoko, ule mkono wa bahari uliotuleta haukuwepo. Palikuwa na matope ya kijivu yenye mng'aro, kaa wadogo wakikimbilia matundu, mizizi ya mikoko imesimama nje kama vidole. Nahodha alikuwa ameisogeza boti mbali, mpaka penye kina, ikionekana ndogo. Kutoka tuliposimama hadi pale kulikuwa na mwendo mzuri wa kutembea, katikati ya kile ambacho asubuhi kilikuwa bahari.

"Tungoje yarudi?" mume wangu aliuliza.

"Yatarudi usiku," kijana akasema. "Vueni viatu."

Tukavua. Watoto walitangulia wakipiga kelele za furaha, matope hadi magotini. Baba alikataa kubebwa. Alipandisha suruali, akampa mume wangu mkono mmoja na kijana mkono wa pili, akaingia. Matope yalimshika, akasimama, akachomoa mguu, akapiga hatua. Mimi nilifuata nyuma na viatu vya watu watano shingoni. Katikati Baba alisimama. Nikadhani amechoka. Alikuwa anageuka kutazama nyuma, ukuta kule kati ya majani, kisha mbele, boti, kisha chini.

"Kumbe," alisema kwa Kimeru, na sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba nilimsogelea. "Kumbe hakuna aliyeyapasua. Waliyangoja."

Sikusema kitu. Aliendelea kutembea. Baada ya hatua chache akasema tena, safari hii kwa Kiswahili ili kijana asikie: "Mtu anayejua saa ya maji, huyo ndiye kiongozi. Fimbo ni ya kupimia tope." Na kweli, fimbo yake mwenyewe kijana alikuwa ameishika mkono wa pili, akiichoma mbele yao kila hatua kutafuta pagumu.

Nilishika simu nikataka kumrekodi. Mikono yangu ilikuwa matope matupu.

Bila shaka mimi ni mwalimu, na najua kilichotokea pale si ushahidi. Kupwa na kujaa kwa maji hakukuthibitisha kwamba Wameru walikuwa Manda. Mikono ya bahari ya namna ile imejaa pwani yote, kutoka Lamu hadi Kilwa. Kilichonibadilisha ni kidogo zaidi ya hapo. Kwa miaka mingi nilikuwa nimeitupa hadithi nzima kwa sababu ya mstari mmoja, ule wa maji kupasuka, nikidhani ni muujiza ulioazimwa kanisani. Sikuwahi kujiuliza mtu wa bara, mjukuu wa kitukuu, angewezaje kusimulia kupwa kwa bahari kwa watoto ambao hawajawahi kuona maji yakiondoka. Angesema nini? Angesema yalifunguka.

*

Tulirudi Kinoru Jumapili. Jumanne majirani walikuja kumwona msafiri. Baba aliketi uani, ameweka kibuyu kidogo cha maji ya chumvi aliyoyateka Lamu, na kila mgeni aliruhusiwa kuonja na kutema. Kisha akasimulia. Nilikuwa jikoni, mlango wazi, nikisikiliza kwa sikio moja.

Kiatu, ndama, mbwa, tunda, mkuki. Usiku wakafika kwenye maji. Nikangoja fimbo. Fimbo haikupiga maji. "Koomenjoe akasema, ketini," Baba alisimulia. "Wakaketi. Wakangoja. Maji yakaanza kwenda yenyewe. Yakabaki matope ya kijivu, na kaa wadogo wakikimbia. Koomenjoe akachoma fimbo chini kutafuta pagumu, akasema, sasa."

Mzee mmoja jirani akaguna kwa kuridhika. "Hiyo ya kaa sikuwahi kuisikia," alisema.

"Ndivyo ilivyokuwa," Baba akajibu.

Niliacha kisu nilichokuwa nacho. Hivi ndivyo lilivyotokea, nikawaza, lile nililokuwa nikiwalaumu wamisionari kwalo. Hakuna aliyedanganya. Mzee alikwenda mahali, akaona jambo, jambo likapata kiti chake ndani ya hadithi, na likakaa kana kwamba lilikuwepo siku zote. Mwanangu atawasimulia wanawe habari ya kaa. Miaka 50 kutoka sasa mtafiti atakuja Meru, atakutana na kaa wadogo wa kijivu katikati ya hadithi ya watu wa mlimani, na ataandika kwa furaha kwamba kitu kama hicho hakiwezi kubuniwa na mtu ambaye hajaishi pwani. Atakuwa sahihi, na atakuwa amekosea kwa miaka mia tatu.

Usiku nilifungua simu. Ninazo rekodi mbili sasa. Moja ni ya Februari, yenye fimbo, yenye maji yanayopasuka, na yenye sauti ya mtoto ikisema, "Mbwa, Babu." Ya pili niliichukua Jumanne ile, majirani walipokwisha kuondoka, yenye kaa. Nimeandika tarehe juu ya zote mbili, na kwenye ile ya pili nimeongeza maelezo: kati ya hii na ile, alikwenda Takwa.

Ya Februari naisikiliza zaidi. Katikati yake, baada ya ndama, kuna ukimya wa sekunde 11. Nilikuwa nimepanga kuukata.